Wati mia za kwenye boksi ziko wapi?

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hukunizidi, basi hujambo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonila fedha mara mbili kabla sijalielewa: ununuzi wa chaja ya mezani yenye matundu mengi, ile ya kuchomeka simu na vikorokoro vyote mahali pamoja. Hapa Tanga siku hizi kila duka la simu linazo, zimepangwa kwenye kioo, kila moja na namba yake kubwa mbele ya boksi: 65W, 100W, 120W. Namba hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hesabu watoto wa shule ya msingi mpaka chaki ikanikausha vidole, na sasa nina kibanda cha wakala wa fedha huku Ngamiani, Barabara ya 14. (Kwa wasioijua Tanga: barabara zetu za Ngamiani tunaziita kwa namba, kwa hiyo mgeni hapotei, labda awe hajui kuhesabu.) Wakala anaishi kwa chaji. Mezani kwangu pana vitochi vitatu, yaani simu ndogo za vitufe, kila kimoja na laini ya wakala ya mtandao wake. Pana simu moja ya tachi, POS ya benki (ile mashine ya kuchomeka kadi), taa ya kuchaji ya kuwasha umeme ukikatika, na pawabenki. Jioni mjukuu wangu akitoka shule ananiletea eafoni zake: "Bibi, nichajie." Jumla vifaa vinane. Kitochi kikizimika wakati mteja amesimama dirishani, floti, yaani mtaji wa miamala, imo humo humo ndani na mteja hana muda wa kusikiliza hadithi. Anavuka barabara, na upande wa pili kuna wakala mwenzangu anayenisubiri nizimikiwe.

Zamani nilikuwa na ekstensheni mbili na vichwa vya chaja vinane, na waya zimesukana kama nywele za mtoto aliyekimbia kusukwa. Vichwa vingine vya pini mbili nilivivisha adapta ya pini tatu, navyo vilikuwa vinalegea na kutoa cheche kila nikigusa meza. Nilivumilia. Lakini mwishoni mwa 2023, wakati wa ule mgao wa umeme, saa za kuchaji zikawa za kuhesabu. Umeme ukirudi, kila kifaa kinataka chake kwa wakati mmoja, na mimi soketi ninazo mbili tu. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta chaja moja ya kutosha wote.

Ya kwanza niliinunua kwa shilingi 18,000. Boksi lilisema wati 100, matundu manane, na juu yake kijioo kinachowaka namba za bluu. Nilijisifu njia nzima. Usiku wa kwanza nikachomeka vyote. Asubuhi kitochi kimoja kilikuwa nusu, simu ya tachi asilimia 61, na POS ilikuwa inaonyesha alama ya chaji huku imepungua kuliko nilivyoiacha. Chaja yenyewe ilikuwa ya moto kama pasi iliyosahauliwa, na kibanda kinanuka plastiki.

Nikavaa miwani nikaigeuza. Chini, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, imeandikwa: 5V 4A. Mhariri, hesabu hii ningempa mtoto wa darasa la tano: volti mara ampea ni wati. Tano mara nne ni ishirini. Boksi linasema mia, kitu chenyewe kinakiri ishirini. Mpwa wangu, anayefanya kazi za umeme, alipokuja Idi alileta kipimo chake kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Vifaa vikiwa vyote vimechomekwa, ile volti 5 ilikuwa imeshuka hadi 4.4. "Shangazi," akaniambia, "hata hizo ishirini hazimo."

Lakini hilo silo lililonitisha. Kilichonitisha ni simu ya tachi kuanza kujibonyeza. Ikiwa kwenye chaja ile, nikigusa sifuri moja zinaandikika mbili. Siku moja mteja kaja kuweka 20,000, natazama kiooni nakuta 200,000, bado namba ya siri tu. Nilichomoa waya, nikarudia, ikaandika sawasawa. Mpwa wangu anasema chaja mbovu hutoa umeme mchafu, usiochujwa vizuri, na kioo cha simu kikipata umeme wa namna hiyo hakijui tena kidole ni kipi na kelele ni ipi. Kwa mtu anayepiga gumzo na jamaa zake, huo ni usumbufu. Kwa wakala ni hasara ya mtaji. Tangu siku hiyo sifanyi muamala simu ikiwa kwenye waya wowote, wa chaja nzuri au mbaya.

Ya pili sikutaka mchezo. Niliingia duka la heshima mjini nikatoa 55,000. Ilikuwa ndogo, nzito, ya kizazi kipya kiitwacho GaN, yaani ndani yake umo mchanganyiko wa galiamu na naitrojeni badala ya silikoni ya kawaida, ndiyo maana haivimbi wala haipati joto sana. Wati 65, na safari hii hata maandishi ya chini yalisema 65. Matundu matatu: mawili ya taipu C, moja la kizamani la bapa, ambalo wenyewe wanaliita A. Nikapanga kuvichaji kwa zamu.

Sasa sikiliza kituko. POS yangu betri yake imechoka. Inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu; ukichomoa tu, papo hapo imezimika. Basi kila nilipochomeka kitochi kwenye tundu la jirani, POS inazimika na kuwaka upya. Kila nilipochomoa, inazimika tena. Mara mbili ilizimika mteja ameshaweka kadi, risiti haijatoka, hatujui fedha zimekwenda au hazijakwenda. Mzee mmoja alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Nilirudi dukani nikisema chaja ni mbovu. Kijana wa duka, kwa adabu zake zote, alisema, "Mama, chaja ni nzima, ndivyo inavyofanya kazi." Nilidhani ananizuga. Kumbe alikuwa na haki.

Nieleze kwa lugha ya kwetu. Wati za chaja ya namna ile ni sinia moja la pilau. Akila mtu mmoja, sinia lote lake: wati 65 zote zinakwenda tundu moja. Akija wa pili, chaja inaagiza kila mtu ainue mkono, inagawa upya, 45 huku, 20 kule, halafu inasema bismillahi tena. Ule muda wa kuinua mkono ni kama sekunde moja au mbili. Simu yenye betri nzima haijali, hata huoni. Kifaa kinachoishi kwa waya kinakufa. Ukichomoa mmoja, mikono juu tena.

Hili ndilo halikuandikwa popote mbele ya boksi. Liko ndani, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane, kwa Kiingereza na Kichina: C1 ikiwa peke yake hivi, C1 na C2 hivi, zote tatu hivi. Jedwali lile ndilo chaja yenyewe. Namba ya mbele ni ya mtu anayekula peke yake.

Kuna na la taa, nililikumbuka wakati naandika. Taa yangu ya kuchaji ina tundu la taipu C. Nikaichomeka kwenye chaja ile mpya kwa waya wa C pande zote mbili. Kimya. Nikageuza waya, kimya. Nikajua imekufa, nikaipeleka kwa fundi wangu Barabara ya 9. Akaichukua, akachomeka waya wake wa kizamani, upande mmoja A na mwingine C, taa ikawaka alama nyekundu. Akacheka mpaka akaweka chini kifaa cha kulehemu. "Mwalimu, taa yako nzima kabisa. Waliotengeneza wamebana matumizi."

Alivyonifafanulia ni kwamba tundu la C la chaja halitoi umeme hovyo. Linasubiri kwanza lisikie upande wa pili pana kifaa, na kinacholitambulisha ni vijirezista viwili vidogo ndani ya kifaa. Taa za bei rahisi, mashine za kunyolea, spika ndogo, nyingi hazina vijirezista hivyo. Tundu lake umbo ni C, lakini halijui kubisha hodi. Tundu la A halisubiri hodi. Mlango wake uko wazi muda wote na volti 5 zimesimama hapo. Fundi hakunitoza kitu, ila mtaa mzima ulijua kabla ya adhuhuri.

Ndipo nilipokaa chini na daftari, kazi ambayo ningeifanya siku ya kwanza. Sikuandika chaja, niliandika vifaa. Kila kifaa nikasoma kichwa chake cha asili au maandishi yaliyo mgongoni. Kitochi ni 5V na nusu ampea, wati mbili na nusu, na vitatu vinafanya saba na nusu. POS ni 5V 2A, wati kumi. Taa ni 5V 1A, wati tano. Simu ya tachi inapokea hadi 9V 2A, wati kumi na nane. Pawabenki kumi. Eafoni hata mbili na nusu hazifiki. Ukijumlisha vyote vikila kwa pamoja na kwa njaa kali, 53. Na havili hivyo, kwa sababu betri ikikaribia kujaa hupunguza yenyewe, na usiku ni mrefu.

Nikatazama orodha nikaona ninahitaji nini: matundu mengi ya A yenye umeme mdogo uliotulia, na tundu moja tu la C lenye nguvu kidogo, lisiloingiliana na hayo mengine. Masinia mawili. Wati mia hazikuwa zimetajwa popote kwenye mahitaji yangu.

Mpwa wangu aliizunguka Kariakoo nusu siku na maneno hayo kwenye karatasi. Aliyoniletea kwa shilingi 70,000 ina matundu matano ya A yanayogawana ampea 6 kwa volti 5, yaani wati 30, na hakuna moja linalozidi ampea 2.4. Halafu tundu moja la C, wati 30, lenye sakiti yake. Vitochi vitatu, POS na taa vinakula 22.5 kwenye sinia la 30, nafasi imebaki. Simu ya tachi iko kwake kwenye C. Ikijaa, pawabenki inaingia mahali pake. Eafoni zinasubiri kitochi kimoja kishibe. Nachomeka na kuchomoa simu nitakavyo, POS haikonyezi hata jicho.

Nilichokipenda kuliko vyote ni waya wake wa ukutani. Si kichwa cha kuning'inia kwenye soketi. Ni kijiboksi kinachokaa mezani, na waya wake unachomoka kama wa redio, mwisho wake pini tatu za mraba na fyuzi ndani. Soketi ya kibanda cha kupanga, Mhariri, unaijua ilivyolegea. Kichwa kizito chenye waya sita kinajivuta chenyewe mpaka kinagusa nusunusu, na hapo ndipo cheche zinapoanza. Boksi la mezani halina uzito ukutani. Mimi nimeliweka juu ya kipande cha kigae kilichobaki kwa jirani aliyejenga, lipumue, na mtu asiweke leso juu yake.

Maandishi ya kuingilia umeme nayo niliyasoma safari hii: 100–240V. Umeme wetu ni volti 230 kwa karatasi, lakini nimepakana na fundi wa kuchomelea mageti, na akianza kazi taa zinapiga magoti. Chaja inayokubali kuanzia 100 haisikii. Umeme ukikatika, naizima soketini, naiwasha ukishatulia. Hiyo ni tabia ya zamani, sidhani kama ni lazima, lakini sitaiacha.

Waya ni habari ndefu, nitaifupisha. Waya mrefu mwembamba unakula volti njiani kabla hazijafika. Nilitupa zile za mita mbili nikanunua fupi za shubiri moja na nusu, nene kidogo, na kila moja nimeipaka rangi ya kucha mwishoni: nyekundu ya mtandao mwekundu, bluu ya bluu, na kadhalika. Wateja wanawake wananiuliza rangi ile nimeinunua wapi. Pia kwetu pwani chumvi ya hewani inazitia waya kutu ya kijani kwenye meno. Nikiiona, naifuta kwa kitambaa kikavu, isipotoka, waya hiyo naiaga.

Vijana wana hofu moja ambayo nataka niiondoe, maana nimeisikia mara nyingi dirishani: "Bibi, chaja ya wati nyingi itaunguza simu." Haiunguzi, kama ni ya kweli. Simu ndiyo inayoomba. Kitochi kinachotaka nusu ampea kikichomekwa kwenye chaja ya wati 100 kitachukua nusu ampea yake na kutosheka, kama mtoto mdogo mbele ya sinia la watu wanne. Volti 9 au 20 nazo hazitoki mpaka simu na chaja zikubaliane. Wasipoelewana, inabaki 5. Inayounguza ni ile ya uongo, ambayo ndani hakuna wa kuzuia kitu. Kwa hiyo sisemi wati nyingi ni mbaya. Mwenye kompyuta ndogo ya mkononi anazihitaji, na akinunua kama yangu atalalamika kompyuta haipandi chaji. Nasema tu kwamba mtu mwenye vitochi na taa akilipia wati 100, analipia sinia la harusi kwa wageni watatu wasio na njaa.

Nimesikia pia hoja kwamba tununue zenye matundu ya C tupu, kwa kuwa dunia imehamia huko. Ni kweli Umoja wa Ulaya umelazimisha C kwa simu mpya zinazouzwa kwao tangu tarehe 28 Desemba 2024, na iPhone yenyewe iliiacha pini yake ya zamani mwaka 2023. Lakini Barabara ya 14 si Brussels. Kwenye meza yangu vitochi vyote vitatu bado vina pini ndogo ya zamani, na waya zake zote upande wa pili ni A. Vitakapokufa nitafikiria upya. Kitochi hakifi haraka.

Sasa ombi langu, Mhariri. Gazeti lako lina ukurasa wa teknolojia, na kila wiki nausoma. Unatuletea simu mpya zenye kamera tano. Tuleteeni na haya. Chapeni siku moja picha kubwa ya maandishi ya chini ya chaja, mfano 9V 2.22A, mtuonyeshe kwa kidole kwamba hiyo ni wati 20, na kwamba neno Total maana yake ni sinia, si sahani ya kila mtu. Kwa waagizaji wa bidhaa, sidai mengi: lile jedwali la mgawanyo litolewe ndani ya boksi liandikwe nje, kwa Kiswahili. Mistari minne inatosha. Na kwa wenye maduka: mteja akija na vifaa vyake viwili vitatu, mruhusuni avichomeke pale pale kwa dakika kumi, achomeke, achomoe, aguse kama ina joto. Duka lililoniuzia ile ya wati 100 lilikataa kufungua boksi mpaka nilipe. Ile chaja bado ninayo kwenye droo, nimeifunga kwa mpira. Wamenikatalia kuirudisha kwa sababu boksi limefunguliwa.

Na kwa haki, nikiri: kama betri ya POS ingekuwa nzima, ile chaja ya pili ingenifaa bila matatizo, na nisingejua habari ya kuinua mikono mpaka leo. Nimempa binti yangu, anachajia simu zake mbili, anaisifu. Betri ya POS niliiomba benki kwa barua, kisha kwa simu, kisha kwa kwenda mwenyewe. Wiki iliyopita wamenijibu kwamba ombi langu limepokelewa.

Mwalimu mstaafu na wakala,
Barabara ya 14, Ngamiani,
Tanga
(jina nimelituma kwa mhariri)